Mwenyeji amekualika kwake, mmekula, kisha anawatumia hesabu ya chakula: ni haki yake au amekosea?

Mwalikwa_Tabata | Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wanajukwaa, habari za jioni. Rafiki yangu wa miaka mingi ametimiza miaka 40 na Jumamosi mchana alitukusanya nyumbani kwake, watu 18. Tulikula vizuri mno: pilau, kuku wa kuchoma, ndizi mzuzu, kachumbari, soda na maji ya baridi. Kila mmoja alikwenda na zawadi yake. Mimi nilimpelekea doti ya khanga.

Jana jioni katika kundi letu la WhatsApp uliingia ujumbe wenye orodha hii: nyama kilo 8, shilingi 88,000, kuku 4, 60,000, mchele kilo 6, 18,000, mafuta, vitunguu na viungo, 25,000, ndizi, 20,000, soda na maji, 45,000, mpishi, 40,000, mkaa na gesi, 24,000, viti na turubai, 40,000. Jumla 360,000, ikagawanywa kwa 18, kila mmoja atume 20,000, na chini yake namba ya simu na maneno "asanteni kwa kunisindikiza, mwisho Ijumaa".

Watu saba wameshatuma. Mimi fedha ninayo, lakini kila nikishika simu mkono unakuwa mzito, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kula kwa mtu kisha nikapelekewa bei ya nilichokula. Naomba mnieleze: je, adabu imebadilika nami sikuarifiwa, au rafiki yangu amekosea?

KijanaWaSame | saa 2:24 usiku

Amekosea. Anayealika ndiye anayebeba. Kama mfuko haukuruhusu, angepika chai na maandazi, na bado mngempenda.

BabaWawili | saa 2:41 usiku

Nampinga mwenzangu wa hapo juu. Sisi Watanzania tunachangia harusi 100,000 na zaidi kwa watu ambao wakati mwingine hatujui hata majina ya wazazi wao, tunakaa ukumbini tunapakuliwa vijiko viwili vya wali, na hakuna anayesema adabu imevunjwa. Leo mtu amewalisha nyumbani kwake mpaka mkashiba, ameweka kila kitu wazi kwa orodha, kisha anaonekana mkosaji kwa shilingi 20,000. Nyumbani kuna nini kinachofanya nyama iwe bure?

Mzee_Kibosho | saa 3:05 usiku

Kijana wangu BabaWawili, unachanganya vitu viwili. Mchango wa harusi una utaratibu wake: unapewa kadi mapema, unatoa ahadi mbele ya kamati, unalipa kidogo kidogo, na usipolipa unajua kabisa kwamba kadi ya kuingilia ukumbini huenda isikufikie. Yote hayo hufanyika kabla sufuria haijawekwa jikoni. Hapa mtu amekula kwanza, ndipo akaambiwa bei.

Kule kwetu Kilimanjaro mwenye sherehe hupika mbege ya ndizi na ulezi siku kadhaa kabla, huchinja mbuzi, na sehemu za nyama zina wenyewe kufuatana na ukoo na heshima ya mtu. Wakwe huja na vyao mikononi. Lakini sijaona hata siku moja mwenye mbuzi akimfuata mjomba kesho yake amdai bei ya kidari.

Mhasibu_Mwanza | saa 3:19 usiku

Niache suala la adabu kwa wazee, mimi niulize hesabu. Umesema 360,000 iligawanywa kwa 18, na 18 ni waalikwa. Je, mwenye nyumba, mume wake na watoto hawakula? Kama wako wanne, wagawanyao ni 22 na kila mmoja anadaiwa 16,364 hivi. Maana yake ni kwamba mmeombwa kulipa na chakula cha familia yake, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko kuchangishwa kwenyewe.

MpishiWaShughuli | saa 3:40 usiku

Mimi napika shughuli za watu kwa kulipwa na ningependa kusema neno kuhusu orodha hiyo. Kilo moja ya mchele wa pilau mimi naihesabia watu saba au wanane. Nyama naweka nusu kilo kwa kila kilo ya mchele ukibana, robo tatu kama nafasi ipo. Kwa watu 22, kilo 3 za mchele zingetosha na kilo 4 zingebaki. Hapa naona kilo 6 za mchele na kilo 8 za nyama, na juu yake kuku 4. Ama mwenyeji aliogopa aibu ya sufuria kukwangua, ama waliokula hawakuwa 22.

Kuhusu ujira wa mpishi wa 40,000, msiushangae. Anayepika hukaa na moshi tangu alfajiri, na wengi wenu mnakumbuka nyama na soda lakini mikono hamuioni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

BintiShangani | saa 4:02 usiku

Assalaam alaykum. Mpishi amegusa jambo ambalo kwangu ndilo shina lenyewe. Kwetu Unguja, nilipokuwa mdogo, mwenye shughuli hakuwa na mpishi wa kulipa isipokuwa kwa harusi kubwa sana. Majirani walikuja tangu jana yake, huyu anachambua mchele kwenye ungo, yule anakuna nazi, wengine wanamenya vitunguu huku macho yanawatoka machozi, na usiku ule ulikuwa shughuli nyengine kwa utamu wake. Kila aliyekula kesho yake alikuwa ameshatoa mchango wake kwa mikono. Mjini leo hatuna muda wa kwenda kukuna nazi ya mtu, kwa hiyo kazi ile imegeuka fedha, na fedha ile lazima itoke mahali. Simtetei mwenyeji, nasema tu kwamba gharama hii zamani tulikuwa tunailipa bila kuiita gharama.

Dada Mwalikwa, nakuomba utuandikie maneno ya mwaliko kama yalivyokuwa. Kuna tofauti kubwa baina ya "nakualika" na "tukutane".

Mwalikwa_Tabata | saa 4:15 usiku

Asante dada. Nimeurudia ujumbe wake, uliandikwa hivi: "Wapenzi wangu, Jumamosi tukutane kwangu saa 7, tule tufurahi pamoja, nafikisha 40."

KijanaWaSame | saa 4:18 usiku

"Kwangu." Neno hilo linatosha. Ukisema "kwangu" umeshika mzigo.

BabaWawili | saa 4:22 usiku

Na "tukutane" je? Vijana wa ofisini wakisema "Ijumaa tukutane tule nyama", kila mmoja anajua kwamba atachomoa mfukoni. "Kwangu" ni anwani tu.

Mzee_Kibosho | saa 4:30 usiku

Ndugu zangu, anwani ya nyumba yenye jiko haiwi sawa na anwani ya baa. Halafu nimtanie kidogo KijanaWaSame: leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona mtani wangu wa Upareni akitetea mtu abebe gharama zote peke yake, nimefurahi sana, na Krismasi hii nitafika Same na watu tisa.

KijanaWaSame | saa 4:33 usiku

Karibu sana mzee, mradi uje na ndizi zako. Mtani haingii mikono mitupu.

WaKisauni | Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Shikamoo Mzee Kibosho, na wengine nawasalimu. Huku Mombasa, na hata bara Kenya, kuchanga si aibu. Neno Harambee liko kwenye ngao ya taifa letu, na tumechangia karo, hospitali, mazishi na harusi tangu tukiwa watoto. Lakini hata sisi tunajua tofauti ya kuchangia shida na kuchangia raha. Mtu akifiwa, hatungoji aombe. Mtu akisherehekea, yeye ndiye anayetualika kwenye furaha yake, na furaha ni yake kuigawa.

Kwa maoni yangu kilichoharibu mambo ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza huko kwenu mwaka 2007 na kuenea huku, kumdai mtu imekuwa rahisi mno. Zamani ungelazimika kumfuata mtu mlangoni na kumwambia uso kwa uso "nipe fedha ya pilau uliyokula", na hakuna mwenye ulimi wa kusema hivyo.

Mhasibu_Mwanza | saa 1:48 asubuhi

Sahihisho dogo: M-Pesa ilianza kwenu Kenya, Machi 2007, na huku Tanzania ikaja 2008. Hoja yako haiathiriki, ila tarehe zikae sawa.

WaKisauni | saa 1:55 asubuhi

Kweli, nimepindua. Asante.

BabaWawili | saa 3:12 asubuhi

Hoja ya simu siikubali. Simu ni chombo tu. Wazungu wamekuwa wakilipishana hata kikombe cha chai kabla ya simu hizi, na wanaishi kwa amani kwa sababu hakuna anayembebesha mwenzake.

LeoUtrecht | saa 5:30 asubuhi

Kaka BabaWawili, mimi naishi Uholanzi na ningependa kurekebisha. Ni kweli kwamba huku ipo programu ya simu iitwayo Tikkie, iliyoanzishwa na benki ya ABN AMRO mwaka 2016, ambayo kazi yake ni kumtumia mwenzako ombi la malipo, na watu huitumia baada ya kula pamoja hotelini hata kwa kiasi kidogo sana. Lakini siku ya kuzaliwa ni habari nyingine kabisa. Mdachi anayezaliwa ndiye anayewalisha wengine: mtoto hupeleka vitu vitamu shuleni awagawie wenzake, na mtu mzima huja kazini na keki aliyonunua kwa fedha zake. Sherehe ya nyumbani chakula kinaweza kuwa kichache kikakushangaza, kipande cha keki na kahawa ukakaa mpaka jioni, lakini hicho kichache ni cha mwenyeji. Ukimtumia mgeni ombi la malipo kwa keki ya siku yako ya kuzaliwa, Wadachi wenyewe watakusema.

Jirani zetu wa Sweden nao walisemwa dunia nzima mwaka 2022, watu walipoanza kusimulia mitandaoni kwamba walipokuwa watoto wakicheza nyumbani kwa rafiki, saa ya chakula ikifika familia hula na mtoto mgeni husubiri chumbani. Wasweden kadhaa walijieleza kwamba hawakutaka kuwaingilia wazazi wa yule mtoto, ambao huenda nao wamepika. Kwa hiyo hata huko kuna sababu ya heshima nyuma ya jambo linaloonekana uchoyo, na msiwaweke Wazungu wote chungu kimoja.

Rumonge | saa 6:14 mchana

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Kwetu Burundi, na Rwanda pia, tuna desturi ya gutwerera, yaani kumchangia mwenye harusi, na mchango wenyewe huitwa intwererano. Watu huandikwa, na anayepokea anajua kwamba siku ya mwenzake ikifika atarudisha. Nadhani huyo rafiki wa Tabata alihamisha desturi ya harusi akaiweka kwenye siku ya kuzaliwa, lakini akasahau nusu ya pili, kwamba mchango ni deni kwake. Je, dada Mwalikwa akifanya sherehe yake mwakani, naye atawatumia wenzake orodha? Kama jibu ni ndiyo, basi kundi lenu linaweza kuishi hivyo. Kama ni hapana, kuna mmoja anayekula pande zote mbili.

AliyeMaskati | saa 8:02 mchana

Wazazi wangu walitoka Unguja, mimi nimezaliwa Oman. Huku mgeni akiingia, kabla hujamuuliza habari, umeshamwekea tende au halua na unammiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, na utaendelea kummiminia mpaka atikise kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Sina haja ya kueleza kama kuna hesabu inayofuata. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia sahaba wake Abdurrahman bin Auf afanye walima, yaani karamu, hata kwa mbuzi mmoja, wala hakumwambia awachangishe watakaomla mbuzi. Kwa maoni yangu ujumbe ule umetia mchanga kitumbua ambacho watu walikuwa wameshakimeza.

BintiShangani | saa 8:20 mchana

Ndugu yangu wa Maskati, hadithi hiyo ni ya walima wa ndoa, hatuwezi kuipeleka moja kwa moja kwenye miaka 40 ya mtu. Na hata huo walima, wenzake bwana harusi wakimsaidia kwa hiari hapana ubaya. Neno la kushika ni hiari.

AliyeMaskati | saa 8:31 mchana

Umesema kweli, nilitaka kuonyesha roho ya jambo.

Mwalikwa_Tabata | saa 12:45 jioni

Nawashukuru nyote. Nimesoma kila neno na dhamiri inanisukuma niseme mambo ambayo jana sikuyasema.

Kwanza, 18 ni tulio kwenye kundi. Wengi tulikwenda na watu, kwa hiyo pamoja na wenyeji tulikuwa 30. Mimi mwenyewe nilikwenda na mdogo wangu na watoto wangu wawili, bila kuuliza. Pili, wakati wa kuondoka mwenyeji alinifungashia pilau na kuku kwenye hotipoti yake, na hotipoti hiyo mpaka sasa iko jikoni kwangu. Tatu, leo mchana shoga yetu mmoja ameniambia kwamba mwenzetu ambaye hatamtaja alikuwa ameahidi kuleta nyama yote kama zawadi, akajitoa Ijumaa usiku, na mwenyeji akakopa kwa mwenye bucha asubuhi yake. Hilo la tatu sijalithibitisha.

Mhasibu_Mwanza | saa 1:03 usiku

Basi nafuta hesabu yangu ya 16,364. Walaji 30 ni 12,000 kila kichwa. Wewe ulikwenda na vichwa vinne, ambavyo kwa bei hiyo ni 48,000, na umeombwa 20,000. Aliyekwenda peke yake ndiye mwenye haki ya kulalamika, kwa kuwa amelipia watoto wa wenzake.

MpishiWaShughuli | saa 1:10 usiku

Kwa desturi ya jikoni watoto wawili wadogo ni mtu mmoja, kwa hiyo mhesabie vichwa vitatu, 36,000. Na sasa mchele umenikaa sawa: watu 30 kwa kilo 4 ingekuwa kubahatisha, 5 ni salama, na hiyo ya sita ndiyo iliyoingia kwenye hotipoti zenu. Nami nasikitika kuwa niliandika jana kana kwamba mwenyeji ameongeza vitu.

KijanaWaSame | saa 1:16 usiku

Dada, watu wanne? Watatu kati yao hawakutajwa kwenye mwaliko wala hawamo kwenye kundi. Kwa lugha ya mjini hao ni wazamiaji. Bado nasema mwenyeji alikosea kutuma orodha, lakini jana nilikuhurumia kuliko leo.

Mzee_Kibosho | saa 1:35 usiku

Watoto hawazamii, KijanaWaSame. Mama akialikwa saa 7 mchana Jumamosi, watoto anawaacha kwa nani?

Linalonigusa ni hilo la nyama. Kama ni kweli, mama huyu aliamka siku yake ya kuzaliwa akiwa na deni la shilingi 88,000 buchani, akapika, akacheka na wageni, akawafungashia na vya kubeba, na hakuna aliyejua. Ombi langu kwake lingekuwa aandike hilo hilo: "Jamani nimekwama kwenye nyama, nishikeni mkono." Nina hakika fedha ingetimia kabla ya kulala. Alipoweka ndizi, viti na mkaa akagawanya kwa 18, akawageuza wageni wake kuwa wateja.

BabaWawili | saa 1:52 usiku

Mzee, kuna watu ambao kusema "nimekwama" ni kugumu kuliko kutuma orodha. Orodha haina machozi. Mke wangu alishawahi kufanya hivyo hivyo kwenye ubarikio wa mtoto wetu wa kwanza, na mimi ndiye niliyemshauri, kwa kuwa niliona aibu kukopa kwa kaka yangu. Wageni walituma wote. Mwaka uliofuata tulipoita watu kwa Pasaka walikuja watano kati ya ishirini, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa najitetea mwenyewe.

WaKisauni | saa 2:01 usiku

Pole, kaka. Umetusaidia kwa kusema hilo.

Rumonge | saa 2:09 usiku

Sikubaliani kwamba walikuja watano tu kwa sababu ya orodha. Pasaka kila mtu huwa kwao. Lakini wewe ndiye uliyekuwepo.

Msimamizi | saa 2:15 usiku

Ndugu wanachama, jumbe tatu za kumtafuta "aliyejitoa kwenye nyama" nimeziondoa. Tubaki kwenye mada.

Mwalikwa_Tabata | Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Nimelala nikiwaza. Nimeamua 20,000 nitaitoa, tena nitaongeza kwa ajili ya niliokwenda nao, ila sitaituma kwa simu. Nitakwenda kwake jioni kurudisha hotipoti. Kinachonishinda ni hiki: hotipoti niirudishe na nini? Nikiweka fedha ndani naogopa ataona namsuta.

BintiShangani | saa 12:48 asubuhi

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, lakini hakirudi na fedha pia. Weka chakula. Fedha mpe mkononi mkiwa wawili tu, wakati anakusindikiza mlangoni.

Mhasibu_Mwanza | saa 1:05 asubuhi

Mimi ningetuma kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Mkononi akisahau kuandika, Ijumaa jina lako litasomwa kwenye kundi.

AliyeMaskati | saa 1:11 asubuhi

Likisomwa, lisomwe. Fuata la BintiShangani.

MpishiWaShughuli | saa 1:20 asubuhi

Hotipoti ya ukubwa gani? Kama ni ya lita 5, kilo moja ya unga wa ngano itakupa chapati 12 mpaka 14, zinatosha kwa watu wanne wa nyumba ile. Ukizitoa kwenye kikaango usizifungie humo zikiwa za moto vile vile, zitatoa jasho na ya chini italowa. Zipoze kidogo kwenye ungo, tandika kitambaa safi cha pamba chini, panga, kisha kunja kitambaa juu yake ndipo ufunge mfuniko.